Winifrida na Wimbo wa Meli

Winifrida alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kuimba. Akichambua mchele anaimba, akipara samaki anaimba, na hata kwenye foleni ya sukari anaimba, mpaka aliye mbele yake anageuka kutazama kama foleni imekuwa arusi. Kwao Ndanda alikuwa mwanakwaya. Alipokuja Dar es Salaam akaingia kwaya ya huku pia, akawekwa mstari wa mwisho nyuma ya nguzo, maana mwalimu alisema sauti ile haihitaji kuonekana ili isikike.

Mchana alikuwa mpishi wa Bwana Nakata, fundi wa Kijapani aliyekuja kufunga mitambo ya kiwanda kimoja huko Barabara ya Pugu na kupewa nyumba Upanga. Bwana Nakata alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye miwani mikubwa, na mapenzi yake yalikuwa mawili: samaki na nyimbo. Samaki, Winifrida alimfuatia Magogoni alfajiri, wangali wanapigapiga mikia. Akishawaleta, bwana huyo huwakata vipande vyembamba akawala hivyohivyo, wabichi, na mpishi wake hutazama dirishani akimwombea tumbo lake kwa watakatifu. Nyimbo zilikuwa kwenye kaseti. Bwana Nakata akirudi kazini, mkono mmoja unavua kiatu na mwingine unatafuta kitufe cha redio.

Zilikuwa nyimbo za mapenzi, zile zilizovuma kwao mwaka hadi mwaka, zenye vinanda na tarumbeta, na mwimbaji anayeivuta sauti hadi inatetemeka kama utambi wa kibatari penye upepo. Winifrida alizinasa zote akiwa jikoni. Lugha yenyewe haikumpa taabu. Maneno ya Kijapani, kama ya Kiswahili, hupenda kuishia kwa irabu. Yakamkaa mdomoni laini kama tende. Maana hakuijua, wala hakuiuliza. Anayepewa tende haulizi mtende uliota shamba gani. Basi jioni anarudi zake Kariakoo kwa miguu akiimba Kijapani barabara nzima, na wauza machungwa wakimwona wanaambiana, "Huyooo, Tokyo inapita."

Alikuwa amepanga chumba Mtaa wa Sikukuu, kwenye nyumba yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Mlango wa kukabiliana na wake ulikuwa wa Mauza binti Ubeid, mshona foronya na mashuka. Mauza alikuwa mwanamke wa maneno machache na masikio makali. Usichana wake wote aliitikia kwenye kikundi cha taarabu cha kina mama, na mpaka leo mtu akikosea mahadhi redioni utamwona Mauza akifumba jicho moja, kama aliyeumwa jino. Wawili hao walipendana kwa namna ya wapangaji wanaopendana kweli: chumvi ya huyu ni ya yule, na mlango ukibishwa hodi mwenyewe huuliza, "Umekuwa mgeni lini?" Winifrida alipougua homa, uji wa Mauza ndio uliomsimamisha. Mauza naye alipobaki peke yake, mumewe Hamud amekwenda Maskati kutafuta maisha, Winifrida ndiye aliyekuwa akimletea vichwa vya samaki, wakavichemsha kwa ndimu, wakala kimya.

Halafu ikaja khanga.

Mwaka ule khanga zilikuwa adimu kuliko mvua ya Septemba. Duka la ushirika likipata mzigo, habari zinafika Kariakoo nzima kabla lori halijazima injini. Wanawake wanajipanga, na anayefika dirishani hachagui rangi wala jina. Anapewa. Akiguna, anapewa wa nyuma yake. Winifrida alisimama foleni tangu jogoo, akapokea doti yake, akaikumbatia kama mtoto, akaenda kuipiga pindo kwenye cherehani ya fundi wa Mtaa wa Kongo. Kesho yake akaivaa, akatoka uani kuchota maji.

Khanga ilisema: NDEGE MJANJA HARUDI TUNDUNI.

Winifrida hakuwa amesoma. Ndiyo, macho alikuwa nayo, na kusoma alijua, lakini furaha ya nguo mpya humfanya mtu asome rangi tu. Wala hakujua kwamba jana ile ile, yeye akiwa foleni, msafiri mmoja kutoka Maskati alipita pale nyumbani na salamu fupi: Hamud ameoa huko, asingojewe. Mauza alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi. Akainua macho, akasoma mgongo wa rafiki yake mwanzo hadi mwisho. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Hakumsemesha tena.

Winifrida alipojua alichokivaa, alibisha hodi. Akabisha tena. Akaueleza mlango kwamba hakuchagua, alipewa dirishani, wa kulaumiwa ni mgawaji. Kutoka ndani Mauza akajibu, si kwake, bali kwa cherehani yake: "Anayejieleza ana la kueleza." Basi. Na huo ndio ubaya wa neno lililosemwa na nguo: huwezi kulikana kwa mdomo. La khanga hujibiwa kwa khanga, au kwa wimbo, na anayekuja na maelezo amekwisha kukiri.

Mwaka ukapita hivyo, milango miwili ikitazamana kama watu waliokosana msikitini.

Sasa yakaja mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, Mauza alipata chumba Magomeni kwa ndugu zake, akatangaza kwamba Jumatatu ya mwisho wa mwezi anahama. La pili, mkataba wa Bwana Nakata ukafika mwisho.

"Mama Winifrida," akamwambia mpishi wake, kwa Kiswahili chake cha hatua fupi fupi. "Mimi naondoka. Sitaki kuagana hoteli. Nataka kula pilau uani kwako. Nitaleta karaoke."

"Ndiyo chakula gani hicho, bwana?"

Bwana Nakata alicheka hadi miwani ikashuka. Akamwonyesha: mashine kubwa kama sanduku la nguo, yenye kaseti zake na kipaza sauti. Akaifungulia. Ukatoka muziki ule ule anaoujua Winifrida, vinanda na tarumbeta zote, ila mwimbaji hayumo. Mahali pa mwimbaji palikuwa wazi kama kiti kilichovutwa nyuma kumngoja mgeni.

"Hapa," Bwana Nakata akasema, akimkabidhi kipaza sauti kwa mikono miwili, "ni wewe. Uchague wimbo mmoja wa kwetu. Uniimbie, niondoke nao."

Winifrida akakubali papo hapo, na kabla hajafika Mtaa wa Sikukuu jioni ile moyo wake ulikuwa umekwisha kupata wazo jingine. Mauza angekosa maziko kuliko kukosa muziki. Siku hiyo lazima atatoka, atakaa uani, atasikiliza. Ni mara moja tu iliyobaki kabla ya Magomeni kumwimbia neno zuri. Na kwa Kijapani! Wimbo wa Kiswahili kila mtu angeupima neno kwa neno kama nyama ya foleni, lakini wa Kijapani nani atautafutia kijembe? Sauti tamu itatoka, Mauza atafumba macho mawili badala ya moja, na kwaheri itakuwa kwaheri ya heri.

Hesabu hii ilikuwa nzuri sana. Kasoro yake ni kwamba ilipigwa bila Balozi.

Mzee Shomari alikuwa balozi wa nyumba kumi kwa mtaa ule, na kazi yake aliichukua kama wengine wanavyochukua sala. Jumapili Bwana Nakata alipokuja kuangalia kama umeme wa uani utaibeba mashine yake, Balozi alifika nyuma yake, kofia kichwani, kalamu mfukoni.

"Shikamoo, Balozi," Winifrida akamwamkia.

"Marahaba. Nasikia kuna mkutano wa muziki wa nje."

"Si mkutano, mzee wangu. Ni kuagana tu."

"Watu wakishazidi kumi, hata wakikusanyika kupiga chafya ni mkutano. Sikiliza, mwanangu. Sina ubaya na mgeni wako. Lakini kesho nikiulizwa kule tawini, 'Shomari, zile nyimbo zilisema nini?', nijibu sijui? Balozi asiyejua kinachoimbwa nyumbani kwake ni balozi wa kuku?"

Bwana Nakata, aliyeelewa nusu na kuikisia nusu, akakaa kwenye mkeka akakunja miguu. Pembeni alikuwapo Angelina, mpangaji wa chumba cha mwisho, anapepeta mchele uliokwisha kuwa safi tangu adhuhuri. Angelina hakuwa mbaya. Alikuwa redio tu, na redio haichagui wa kumtangazia.

"Kaseti hii ina nyimbo tatu," Bwana Nakata akaeleza. "Ya kwanza. Kijana anapanda treni asubuhi. Anahama. Anaacha mtaa wake. Anacheka, lakini macho yana maji."

Balozi akafikiri. "Hapo siasa mbaya hamna. Angesema anakwenda kijijini kulima ingependeza zaidi, lakini hamna."

"Anahama," Angelina akarudia, na ungo wake ukasimama. "Nani mwingine anahama?"

Wote wakautazama mlango wa Mauza. Ulikuwa umefungwa, lakini mlio wa cherehani ndani ulikuwa umekatika.

"Ya pili," akaendelea mgeni asiyejua alipokanyaga. "Mwanamke yuko bandarini. Mume wake alipanda meli. Meli haikurudi. Yeye anangoja tu. Mvua inanyesha."

Balozi akaivua kofia, akakuna kichwa, akaivaa tena. "Huo," akasema kwa sauti ya chini, "hauna siasa, lakini una hatari."

"Ya tatu?" Winifrida akauliza haraka.

"Ya tatu nzuri sana. Mwanamke anakula tambi. Usiku, baridi. Mezani bakuli mbili. Mtu mmoja."

"Yesu na Maria!" Winifrida akajishika mashavu. "Bwana Nakata, kaseti nzima hamna wimbo wa mtu na mwenzake waliokaa wakaishi tu, wakaelewana?"

Bwana Nakata alilitazama swali kwa heshima. Akalifikiria muda mrefu, kama fundi anayetafuta msumari mdogo kwenye boksi kubwa.

"Mama Winifrida," akasema mwishowe, "mtu wa namna hiyo amelala. Haimbi."

Kabla ya magharibi Angelina alikuwa amezitangaza nyimbo zote tatu kuanzia bombani hadi kwa muuza mkaa wa kona, na kila aliyesikia alijua jambo moja bila kuambiwa: Winifrida ataimba, na Mauza ataimbwa. Huu ndio mtego wa mji uliolelewa na taarabu. Wimbo haupiti hewani bure, una mwenyewe. Anayesikia ubeti umesema lake huinuka akicheza, huenda kumtunza mwimbaji kwa zawadi mbele za watu, na njia nzima macho yake humwambia anayemlenga: umesikia? Hata ukiimba juu ya mawingu, watu wataangalia nani jana alikosa mvua.

Wiki ile Winifrida aliunguza wali mara mbili Upanga, na Bwana Nakata, kwa ustaarabu, aliula. Jioni alikaa na Angelina, aliyejifanya mshauri.

"Imba wa treni, shoga. Una mdundo."

"Mauza anahama. Watasema namfukuza kwa ngoma."

"Basi wa tambi."

"Mauza anakula peke yake. Bakuli la pili nani asiyejua la nani?"

"Wa meli sikutajii."

"Usinitajie."

"Basi imba wa Kiswahili, yaishe."

"Wa Kiswahili ndio mbaya zaidi, Angelina! Atauelewa!"

Angelina akasonya. "Wewe dada una shida ya ajabu. Wenzio wakikosa wimbo wanakosa sauti. Wewe sauti unayo, nyimbo zipo, unakosa pa kuzitua."

Na kweli. Akilala anazigeuzageuza tatu zile kama mtu mwenye viazi vya moto bila sahani. Mwisho alichagua wa tambi, kwa hoja dhaifu kwamba watu wengi Kariakoo hula peke yao, kwa hiyo kijembe kikigawanywa kitapungua makali.

Jumamosi ikafika. Baada ya alasiri ua ulijaa. Wa nyumbani walikalia mikeka, wa jirani vibao, na wasioalikwa waliupanda ukuta. Pilau lilitolewa, Bwana Nakata akala kwa mkono, punje zikamganda kidevuni, watu wakampenda hapo hapo. Balozi akasimama, "Kidumu Chama!", wakamwitikia, akaeleza urafiki wa Tanzania na Japani, na kwamba Wajapani nao, kwa njia yao ya mbali, ni watu wa kujitegemea. Kisha mashine ikafunguliwa, na muziki usio na mwimbaji ukawaingia watu masikioni.

"Mwimbaji wao yuko wapi?" akauliza mtu wa ukutani.

"Kahamia bendi nyingine," akajibiwa, na ua mzima ukaangua kicheko, maana hiyo ndiyo habari ya kila wiki mjini.

Bwana Nakata alitangulia kuimba, amefumba macho, mkono kifuani. Angelina akafuata, akajitosa kwenye ule wa treni bila neno hata moja la Kijapani, kwa "lalala" tupu, na kufikia kiitikio treni ilikuwa imekwisha kumwacha kituoni. Alishangiliwa kuliko mwenye wimbo. Kisha kipaza sauti kikafika mkononi mwa Winifrida.

Mauza alikuwa amekaa kizingitini pa mlango wa uani, ushungi mabegani, uso ameuelekeza bombani. Mtu angedhani ametoka kupunga upepo tu. Lakini Winifrida alimjua. Aliuona mguu wake wa kulia, kidole gumba kimekaa tayari kuhesabu mapigo.

"Namba ngapi, Mama Winifrida?" Bwana Nakata akauliza, ameinamia mashine.

"Tambi, tambi," Angelina akanong'ona kwa sauti iliyofika barabarani. Mwanamke mmoja akamgusa mwenziwe kiwiko, wakageuza shingo kumtazama Mauza, wapate kuona litakavyomwingia. Wengine wakageuka pia. Ua mzima ukawa unamtazama Mauza. Naye Mauza, ambaye hakugeuka, alikaza taya.

Winifrida aliliona hilo, na ile hoja yake ya kijembe cha kugawanya ikaanguka. Hakuna wimbo wa kugawanya. Wowote atakaoshika, utatua kwenye ule uso.

"Mauza," akasema. Alisahau kwamba kipaza sauti kiko mdomoni; jina likatoka kubwa, likagonga mabati, likarudi. "Mauza binti Ubeid. Khanga ile sikuichagua. Nilipewa, nikavaa, nikakuchoma. Leo wameniambia nichague, na naona nikichagua nitakuchoma tena. Mimi basi. Chagua wewe. Utakaousema nitauimba, na ukisema nikae, nitakaa."

Balozi alijishughulisha na kalamu yake. Bwana Nakata alibaki ameinama, kidole juu ya kitufe, haelewi kitu ila anaelewa kwamba asibonyeze.

Mauza akageuka. Hakumtazama Winifrida. Aliwatazama wale waliokuwa wakimtazama, mmoja mmoja, mpaka kila mmoja akapata kitu cha kuangalia chini. Kisha akasema na mwenye mashine.

"Mjapani. Tia ule wa meli."

"Makubwa!" Angelina akashika kichwa.

"Ule wenye hatari?" Balozi akauliza.

"Tia," Mauza akasema.

Tarumbeta zikalia. Winifrida akaanza, na mwanzo wake ulikuwa mbaya, sauti kavu kama mhogo wa jana. Lakini wimbo ule ulikuwa mzuri kuliko woga wake. Ukamshika mkono ukamvusha. Ubeti wa kwanza ukapita. Sauti ikafunguka, ikapanda juu ya ukuta na watu wake, na wasiojua neno la Kijapani waliiona ile bandari, wakaiona ile mvua ikinyesha juu ya kamba za meli, maana Angelina alikuwa amekwisha kuwaeleza kila kitu.

Katikati ya ubeti wa pili Mauza akainuka. Akawapa mgongo, akaingia ndani.

Winifrida alitaka kunyamaza. Bendi ya watu ungeikonyeza ikapunguza, mpiga gita angejua, mpiga ngoma angevuta muda. Mashine haina jicho. Ilikwenda mbele na vinanda vyake, haina habari na aliyeinuka, na Winifrida akawa anaufuata wimbo mbio mbio huku machozi yanamwingia mdomoni pamoja na maneno.

Ndipo akasikia kigelegele kimoja, kifupi, cha mshangao.

Mauza alikuwa mlangoni. Ushungi alikuwa ameufunga kiunoni. Mkono wa kulia ameuinua juu, na mkononi, mbele ya macho ya Kariakoo, ameshika mche mzima wa sabuni ya kufulia. Si kipande. Mche mzima, wa manjano, haujakatwa hata ncha, mwaka ambao watu walikuwa wakifua kwa majani ya mpapai.

"Sabuni!" wakalia wa ukutani. "Anatunza sabuni!"

Akaja akicheza. Alicheza kama wachezavyo waliolelewa kwenye taarabu, mabega yametulia, kiuno kinasema kidogo, miguu inaburuza mchanga kwa pigo. Sasa kila mtu alingoja aone sabuni ile itamgeukia nani. Akampita Angelina; Angelina akajikunyata. Akawapita wale wawili wa viwiko. Wakajifanya wanafunga mitandio. Akafika mbele ya Winifrida, sabuni ikapita karibu na pua yake, harufu ikamwingia, akadhani ndiyo imefika. Ikampita. Mauza akamzunguka, akaenda mpaka kwenye ukuta wa mashariki, ule unaoelekea baharini. Akasimama. Akauinua mche ule kwa mikono miwili, akautikisa mara moja, mara mbili, upande wa Maskati.

Hapo ndipo ua ulipopasuka. Vigelegele vikapaa, vibao vikaanguka, mwanamke mmoja akapiga sufuria la pilau kwa upawa. Hata Balozi alipiga makofi, kisha akakumbuka cheo, akayamalizia kwa kukohoa. Wanawake watatu waliokuwa na waume zao wa mbali wakainuka kwenda kutunza, huyu kiberiti, huyu vitunguu, huyu fundo la chumvi, na kila mmoja akausogelea ukuta uleule kuutikisia kitu chake.

Mauza akarudi. Akaulaza mche wa sabuni begani mwa Winifrida kama mtu anayetua mzigo, na Winifrida ikambidi aubane kwa kidevu amalizie ubeti wa mwisho, shingo imepinda, mpaka tarumbeta zikanyamaza.

"Arigato, asante," Bwana Nakata akasema, na miwani yake ilikuwa imeingia ukungu.

Mauza hakuondoka. Alisimama pale anahema, akimtazama rafiki yake kwa jicho moja limefumbwa.

"Ubeti wa pili umeukimbiza," akasema.

Winifrida akaitoa sabuni shingoni. "Sikuwa na pumzi."

"Pumzi ulikuwa nayo. Subira ndiyo huna. Mwanamke anangoja meli, wewe unamwimba kama anafukuzia basi la UDA."

"Wewe uliondoka! Nilidhani umekasirika!"

"Sabuni iko chini ya kitanda, nilitaka ije yenyewe?"

Winifrida akacheka, na kicheko kikawa kilio, na kilio kikawa kikohozi. Alipopata sauti akauliza, polepole, bila kipaza sauti, "Na ile khanga, Mauza?"

"Khanga mbaya ile. Rangi yenyewe haikupendezi." Akamsukuma kidogo apate nafasi kwenye mkeka, akakaa. "Mjapani, rudisha mwanzo. Huyu aimbe, mimi nitaitikia. Maneno sitaki, nipe sauti tu, nitajua pa kuiweka."

Balozi akauliza kama kurudia wimbo ule ule kunahesabiwa mkutano wa pili. Kaseti ikarudishwa, na jioni ile wimbo wa mwanamke wa bandarini uliimbwa mpaka watu wa ukutani wakawa wanajua pa kuvuta pumzi. Mauza aliuitikia kitaarabu, akiuchelewesha, akiuviringisha mwishoni. Bwana Nakata alisema kwamba kwao hawauimbi hivyo. Akasema pia kwamba kwao wanakosea.

Jumatatu Mauza alihama kama alivyosema. Chumba alikuwa amekwisha kukikubali na ndugu walikuwa wakimngoja. Vitu vyake vilitosha mkokoteni mmoja. Winifrida aliomba ruhusa Upanga, akajifunga khanga kiunoni, akaushika mkokoteni nyuma, mbele akiwa mwenye nyumba hiyo ya magurudumu, kijana wa Buguruni aliyedai malipo ya mzigo na si ya maneno. Mauza alitembea kando, mkono juu ya cherehani yake isianguke.

Walipofika bonde la Msimbazi, barabara inaposhuka, walikuwa wangali wanabishana ubeti wa pili uvutwe wapi. Winifrida akaimba kuonyesha. Mauza akamkatisha, akaimba yeye. Winifrida akasema hapana, akaanza tena kutoka juu, na mikono yake yote miwili ikawa hewani inaongoza kwaya isiyokuwapo.

"Mama zangu," mwenye mkokoteni akaita kutoka mbele, amekaza misuli ya shingo, "mimi huku nasukumwa na kabati. Mnaimba, au mnashika?"

"Tunaimba," Mauza akamjibu. "Shika wewe."